The Apartment (1960): muvi ya jamaa aliyepanda cheo kwa kuazimisha ufunguo wa gheto

Chumba na Sebule (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Humu kila ikiulizwa muvi nzuri ya mapenzi ya kuchekesha, zinatajwa zile zile za miaka ya 90: mvua inanyesha, jamaa anakimbilia uwanja wa ndege, watu baki wanapiga makofi. Leo nawaletea mama yao. Inaitwa The Apartment, ya mwaka 1960, nyeusi na nyeupe mwanzo mwisho, dakika 125. Kaiongoza Billy Wilder, kaiandika yeye na mwenzake I.A.L. Diamond. Nitasimulia mpaka mwisho, kwa hiyo asiyependa kuharibiwa utamu apite hivi, akaiangalie kwanza, uzi utamsubiri.

Kisa kinaanza Novemba 1959, New York. Jamaa anaitwa C.C. Baxter (Jack Lemmon), karani wa kampuni ya bima. Anajitambulisha kwa hesabu tupu: jiji lina watu 8,042,783, makao makuu ya kampuni yana wafanyakazi 31,259, yeye yuko ghorofa ya 19, meza namba 861, anaondoka na dola 94.70 kwa wiki. Ofisi ni ukumbi mmoja, meza zimepangwa mstari kwa mstari mpaka macho yanachoka. Hata kutoka kazini ni kwa zamu, kila ghorofa na saa yake, maana lifti 16 haziwezi kushusha umati wote ule kwa mkupuo.

Baxter ni kapera. Amepanga chumba na sebule mtaa wa 67 upande wa magharibi, hatua chache kutoka bustani ya Central Park, dola 85 kwa mwezi. Ilikuwa 80, mama mwenye nyumba akaongeza tano baada ya kufunga kiyoyozi cha mtumba (kumbe wenye nyumba ni walewale dunia nzima). Pazuri, patulivu, ila mwenyewe haruhusiwi kuingia. Wakubwa wanne pale kazini wana wake majumbani na michepuko mjini. Wanapangiana zamu kwenye gheto la Baxter. Ufunguo unaachwa chini ya zulia la mlangoni, wanakunywa pombe yake na kumaliza vitafunwa vyake, naye anazungukazunguka barabarani na koti lake akisubiri taa ya dirishani izimwe. Malipo yake ni kusifiwa kwenye ripoti zinazokwenda kwa mkurugenzi wa utumishi.

Usiku mmoja ameshameza kidonge cha usingizi, yuko kitandani, simu inalia. Ni bosi mmoja anaitwa Dobisch, yuko baa na blondi aliyejitengeneza kama Marilyn Monroe, anataka chumba sasa hivi. Baxter anabisha kidogo, anaamka, anavaa koti juu ya pajama, anakwenda kulala kwenye benchi la bustani. Kesho yake ana mafua ya kufa mtu, na ndipo tunaona kazi yake halisi: anafungua kalenda, tishu mkononi, kipimajoto mdomoni, anaanza kuwapigia wakubwa mmoja mmoja. Wewe wa Jumatano, unaweza kusogea Ijumaa? Basi ngoja nimuulize wa Ijumaa. Ofisi nzima ya bima inageuka kuwa ofisi ya kupanga foleni ya chumba kimoja. Hapo nilicheka mpaka nikasimamisha.

Sasa mkurugenzi wa utumishi mwenyewe, Jeff Sheldrake (Fred MacMurray), anamwita. Baxter anadhani amekamatwa. Kumbe mzee naye anataka ufunguo. Cheo kinakuja, ofisi ya vioo inakuja, na kofia nyeusi ya mviringo ya kibosi anajinunulia mwenyewe. Wakati huo huo Baxter amemzimikia Fran Kubelik (Shirley MacLaine), dada mwendesha lifti, nywele amekata fupi, mcheshi, hana makuu. Mnajua inakoelekea. Anayepelekwa na Sheldrake kwenye kitanda cha Baxter ni huyo huyo Fran.

Namna Baxter anavyogundua ndiyo inayonifanya niandike uzi huu. Kabla ya hapo aliokota kwake kikopo cha poda chenye kioo kilichopasuka, akamrudishia Sheldrake kwa adabu zote. Siku ya sherehe ya Krismasi ofisini anamwonyesha Fran kofia yake mpya, anamuuliza kama imemkaa. Fran anamkopesha kioo chake ajitazame. Kamera inakaa nyuma yake: uso wa Baxter ndani ya kioo umegawanyika vipande viwili na ule ufa. Anatoa sauti ndogo kwamba kioo chako kimevunjika. Fran anasema anajua, anakipenda hivyo hivyo, kinamwonyesha jinsi anavyojisikia. Hakuna muziki wa kukuambia ulie, hakuna makelele. Sekunde mbili tatu tu jamaa amejua kila kitu, na bado kofia iko kichwani.

Usiku huo Fran, akiwa peke yake kwenye chumba cha Baxter baada ya Sheldrake kuondoka kuwahi treni ya kwenda kwa mke na watoto, anameza vile vidonge vya usingizi. Baxter anamkuta. Daktari jirani anamwokoa kwa kumtapisha, kumpiga makofi, kumnywesha kahawa na kumtembeza chumbani. Baadaye wanakaa siku mbili tatu wakicheza karata. Huko mwishoni Sheldrake anaachika kwa mkewe, anamrudia Fran, anaomba tena ufunguo. Baxter anampa ufunguo, ila ni wa choo cha wakubwa cha ofisini. Anaacha kazi. Fran anasikia habari hiyo usiku wa mwaka mpya, anamwacha Sheldrake mezani, anakimbia.

Hoja yangu ni hii, na mnipinge mtakavyo: watu wengi wanaisimulia muvi hii kana kwamba Baxter ni mnyonge mwema aliyeonewa na wakubwa. Mimi naona Baxter ni mshirika. Alijua wake za hawa watu wapo. Alijua wasichana wanadanganywa. Alifumba macho kwa sababu kila ufunguo ulikuwa ngazi. Hata Fran alipokuwa mahututi, Baxter alimpigia Sheldrake asubuhi ya Krismasi, Sheldrake hakuja, akamwachia yeye amalize, na Baxter akamaliza. Akabeba lawama zote mbele ya daktari na mbele ya shemeji yake Fran. Mnaita uungwana. Lakini baada ya hapo alipandishwa mpaka ghorofa ya 27. Sasa alikuwa analinda binti au analinda mkate?

Karibuni.

Mpita Njia

Nimeweka kambi. Kuna mwamba tuliyekaa naye hosteli alikuwa anakusanya elfu mbili mbili kwa huduma hii hii. Hakupata cheo chochote, alipata kunguni.

Kijana wa Bondeni

Mkuu uzi mzuri ila huyo Baxter ni fala, tusizunguke. Demu anamlilia bosi mwenye mke, yeye anampikia tambi na kumfundisha karata. Halafu anaacha kazi! Kwa kipi hasa? Muvi kama hizi ndizo zinafundisha vijana kuwa magodoro.

Shangazi wa Kaunta

Kijana wangu, pole pole. Nyote mmeandika kirefu kuhusu wanaume, Fran mmemgusa kwa kupita tu.

Mimi nataka mtazame ile zawadi ya Krismasi. Fran amemnunulia Sheldrake sahani ya santuri, ya yule mpiga piano wa mgahawa wa Kichina wanapokutana kwa kujificha. Ameifikiria, ameitafuta, ameifunga. Sheldrake anasema hakupata muda wa kuzunguka madukani, anatoa noti ya dola mia na kumwambia ajinunulie kitu. Fran anaiangalia ile noti. Halafu anaanza kuvua koti. Sheldrake anashangaa, na Fran anamjibu kwamba alidhani kwa kuwa kimeshalipiwa...

Mimi nimekaa kaunta miaka, nimewaona mabinti wa aina hiyo na wanaume wa aina hiyo, na sijaona muvi iliyolisema jambo hilo kwa maneno machache kiasi kile. Fran si mjinga aliyedanganywa. Ana akili kuliko wote mle. Anajua kuna watu wa kuchukua na watu wa kuchukuliwa, anajua yeye yuko kundi gani, na kujua kwenyewe hakumsaidii kutoka. Hilo ndilo linaloumiza.

Na jambo lingine. Dakika chache kabla ya kioo, katibu muhtasi wa Sheldrake, Miss Olsen, akiwa amelewa, amemwambia Fran kwamba yeye ndiye alikuwa pale kabla yake, na kabla yake kulikuwa na mwingine wa idara fulani, na mwingine wa idara nyingine, na kila mmoja aliambiwa maneno yale yale kwenye mgahawa ule ule. Kwa hiyo wakati anampa Baxter kile kioo, Fran mwenyewe alikuwa ameshapasuka kabla hajafika pale.

Chumba na Sebule

Shangazi heshima yako. Ile ya koti niliiruka makusudi nikijua atakuja mtu wa kuisema vizuri zaidi.

@Kijana wa Bondeni, magodoro au si magodoro, nakuuliza kitu kimoja: kwani kabla ya kumpenda Fran, Baxter alikuwa anatumiwa na nani? Alikuwa godoro la wakubwa wanne, tena bila hata kupendwa. Hilo halikukukera, limekukera la tambi?

Kijana wa Bondeni

La wakubwa lilikuwa na faida mkuu. Ghorofa ya 27 si mchezo.

Fundi Seti

Naomba niwatoe kidogo kwenye mapenzi. Ule ukumbi wa ofisi mliouona, haukuwa mkubwa hivyo. Aliyeujenga ni Alexandre Trauner, na alichofanya ni kudanganya jicho. Meza za mbele ni za ukubwa wa kawaida na zimekaliwa na watu wazima wa kawaida. Kadiri unavyorudi nyuma meza zinapungua ukubwa, na waliokaa wanapungua kimo, mpaka huko mwisho kabisa wamekalishwa watoto waliovalishwa kama makarani. Dari nalo linashuka taratibu pamoja na mistari ya taa. Ukitazama unaona ofisi isiyo na mwisho. Trauner na mwenzake Edward G. Boyle walipata Oscar kwa kazi hiyo, enzi zile tuzo ya mandhari ilitolewa mbili, ya picha za rangi mbali na ya nyeusi na nyeupe mbali.

Halafu kuna upana wa picha. Mpiga picha Joseph LaShelle alitumia fremu pana sana, ile ambayo watu waliizoea kwa muvi za farasi na majangwa. Hapa imetumika kuonyesha mtu mmoja aliyekaa peke yake. Kumbukeni Baxter kwenye benchi la bustani usiku: mabenchi yamepangwa kwa mstari mrefu, yote matupu, majani yanapeperushwa, na kajitu kamoja kamejikunyata. Ukiikata picha hiyo pembeni iingie kwenye skrini ya simu, umeiua.

Ndiyo maana pia sitaki mtu aniletee toleo lililotiwa rangi na programu. Giza la chumba kile na weupe wa taa za ofisi vimepangwa viseme jambo.

Mhasibu Mstaafu

Nimepiga hesabu kidogo, kazi ya zamani haiishi. Dola 94.70 kwa wiki ni kama 410 kwa mwezi. Kodi 85. Karibu moja ya tano ya kipato inakwenda kwenye nyumba, tena anaishi peke yake, jirani na bustani kubwa ya jiji. Baxter hakuwa na njaa. Hapa namuunga mkono mwanzisha uzi: huyu hakusukumwa na dhiki. Alitaka kupanda.

Tena tazameni ghorofa zinavyofanya kazi kwenye kisa hiki. Yuko ya 19, anataka ya 27, na anayempandisha na kumshusha kila siku kwa lifti ni Fran, ambaye mwenyewe hapandi popote. Fran alitaka kazi ya ukatibu, akashindwa mtihani kwa sababu ya tahajia, wakampa glavu nyeupe na lifti.

Mwanafunzi wa Mlimani

Samahani wakuu, labda mimi sijaelewa. Binti kameza vidonge, karibu kufa, na muvi inaitwa ya kuchekesha? Inachekesha wapi? Nauliza kwa nia njema.

Chumba na Sebule

Swali zuri sana. Waliotoa tuzo wenyewe waliipa Oscar tano, ikiwemo ya muvi bora ya mwaka, na Wilder aliondoka na tatu usiku ule: mtayarishaji, mwongozaji, mwandishi. Lakini ukiuliza ni ya kuchekesha au ya kusikitisha kila mtu anakupa jibu lake.

Mimi naona ujanja uko kwenye vitu vidogo. Wilder na Diamond hawatupi kitu. Chochote unachokicheka mwanzoni kitarudi kikiwa na uso mwingine. Vile vidonge vya usingizi, mara ya kwanza ni kichekesho: jamaa kameza kimoja halafu anafukuzwa kitandani kwake. Mara ya pili ni vile vile, chupa ile ile, na hucheki tena. Daktari Dreyfuss, jirani wa ukuta mmoja, kila usiku anasikia vicheko na muziki, kila asubuhi anaona chupa tupu zikitolewa nje. Anaamini Baxter ndiye dume la mtaa, mpaka anamwomba akifa awaachie mwili wake madaktari waufanyie utafiti. Unacheka mpaka unalia. Lakini kwa sababu ya imani hiyo hiyo, usiku wa Fran daktari anamwona Baxter kama mnyama, anamwambia awe mtu, mtu hasa. Baxter anameza, hajitetei. Mzaha ule ule umegeuka kuwa fimbo.

Raketi ya tenisi anachujia tambi, anazungusha kama bingwa huku anaimba. Mwishoni wakati anafungasha mizigo anaishika ile raketi, kumbe kuna uzi wa tambi umebaki umenasa. Basi. Hakuna anayesema neno.

Na ufunguo wa choo: mwanzoni kabisa yule Dobisch aliacha chini ya zulia ufunguo wa choo cha wakubwa badala ya ule wa nyumba, Baxter akashindwa kuingia kwake usiku wa manane ikabidi amwamshe mama mwenye nyumba. Ulipita kama kituko tu. Saa mbili baadaye ufunguo wa aina hiyo hiyo ndio anaomwekea Sheldrake mkononi.

Babu Projekta

Vijana mnazungumza vizuri, ngoja mzee niongeze ya nyuma ya pazia.

Wazo la muvi lilimwingia Wilder alipoona muvi ya Kiingereza ya David Lean, Brief Encounter ya 1945. Humo kuna mwanamume na mwanamke, wote wana ndoa zao, wanataka kukutania kwenye nyumba ya rafiki. Watu wote waliwaangalia wapenzi. Wilder akajiuliza kuhusu yule mwenye nyumba, anayerudi kulala kwenye kitanda ambacho bado kina joto la watu wengine. Hakuweza kuitengeneza wakati ule. Marekani ilikuwa na kanuni za maadili za sinema zilizosimamiwa kwa ukali tangu 1934, na kisa cha watu kuzini kwa zamu kwenye chumba cha mfanyakazi mwenzao kisingepita. Mpaka ilipofika mwisho wa miaka ya 50 kanuni zilikuwa zimechoka, na Wilder alikuwa ametoka kufanikiwa na muvi yake Some Like It Hot ya 1959. Kanuni zenyewe zilifutwa 1968.

Sheldrake alikuwa achezwe na Paul Douglas. Akafariki 1959 kabla kazi haijaanza, ndipo akaitwa Fred MacMurray. Mjue MacMurray wakati huo alikuwa ametoka kucheza baba kwenye muvi ya watoto ya Disney. Kumweka hapa kulikuwa ni ujasiri. Lakini Wilder alimfahamu tangu zamani: mwaka 1944, kwenye Double Indemnity, alimchezesha wakala wa bima anayemuua mteja. Kwa hiyo mtu yule yule, bima ile ile, miaka 16 baadaye amekuwa mkurugenzi. Mimi nilivyoiona hiyo nilicheka peke yangu.

Wilder mwenyewe alizaliwa 1906 katika dola ya Austria na Hungaria, akafanya kazi Berlin, akakimbia 1933 Hitler alipoingia madarakani. Alifika Marekani Kiingereza kikimpiga chenga. Mtu wa namna hiyo akiandika kuhusu mpweke katikati ya watu milioni nane, hasomi kitabuni.

Shangazi wa Kaunta

Babu asante. Sasa mimi nirudi kwenye ile hoja ya mwanzo, maana mmeizunguka tu.

Hesabuni nani alipoteza kazi. Miss Olsen alifukuzwa, kwa sababu alimwambia Fran ukweli. Baxter aliacha mwenyewe. Na Sheldrake? Mkewe alimtupia virago baada ya Miss Olsen kumpigia simu, sawa, akahamia klabu ya wanaume. Lakini Jumatatu yuko ofisini, kiti ni kile kile, anang'arishiwa viatu. Hakuna ngazi ya juu yake iliyomuuliza. Wale wanne nao wako palepale. Muvi haijadanganya kwamba wabaya wataadhibiwa. Ndiyo maana haijachakaa.

Kwa hiyo ukisema Baxter ni mshirika, nakubali. Ila mshirika peke yake aliyelipa gharama. Na alipoulizwa na Sheldrake kama anajua anachokiacha, alijua vizuri. Sheldrake alikuwa ameshamtahadharisha kwamba kufika ghorofa ya 27 kunachukua miaka, kurudi barabarani ni sekunde 30.

Chumba na Sebule

Shangazi, hapo kwenye "peke yake aliyelipa" nakubishia. Miss Olsen alilipa kabla yake, na hakuna aliyemkimbilia usiku wa mwaka mpya.

Msafiri wa Nairobi

Jamani hamjambo. Mimi nina swali la mwisho wa muvi. Fran anapanda zile ngazi mbio, anasikia mlio kama risasi. Na tunajua Baxter alishawahi kumsimulia kwamba zamani kule Cincinnati alijaribu kujiua kwa ajili ya mke wa rafiki yake, akaishia kujipiga risasi ya goti. Fran anagonga mlango kama amepagawa. Baxter anafungua, ana chupa ya shampeni inafoka povu. Tunapumua. Wanakaa kwenye kochi, Baxter anamwambia anampenda, anamwabudu kabisa. Fran anamkatisha, anamwambia anyamaze agawe karata.

Sasa huo ni upendo kweli? Hajasema anampenda. Mimi niliangalia na mwenzangu nyumbani, tukabishana mpaka usiku. Yeye anasema binti ametoka kwa mwanamume mmoja saa hiyo hiyo na hajapona, ameenda tu mahali penye usalama.

Shangazi wa Kaunta

Mwambie mwenzako ana macho. Lakini kasahau kwamba Sheldrake kila siku alikuwa anamwambia Fran anampenda. Neno hilo kwa Fran lilikuwa limeshatumika hovyo. Angelisema tena usiku ule ningezima televisheni.

Fundi Seti

Na tazama anavyovua koti pale mwishoni. Kumbuka alivyovua koti kwenye zawadi ya dola mia. Safari hii analivua ili akae.

Shangazi wa Kaunta

Fundi! Hiyo sikuiona. Asante.

Mwanafunzi wa Mlimani

Wakuu, waigizaji wenyewe walipata tuzo?

Babu Projekta

Lemmon, MacLaine na Jack Kruschen aliyecheza daktari wote waliteuliwa kwa Oscar, wote wakatoka mikono mitupu. Mwigizaji bora wa kike mwaka ule alikuwa Elizabeth Taylor. Na kwa wanaopenda rekodi: baada ya hii, haikutokea tena muvi iliyo nyeusi na nyeupe kabisa kushinda muvi bora mpaka The Artist ya 2011. Ile Schindler's List ya 1993 ina vipande vya rangi. Mwaka 1968 kisa hiki kiligeuzwa tamthilia ya muziki pale Broadway, Promises, Promises, mazungumzo ya Neil Simon, muziki wa Burt Bacharach.

Kijana wa Bondeni

Nimeimaliza jana usiku, nimerudi kutoa ripoti.

Moja, Baxter bado fala, msimamo uko pale pale. Mbili, Sheldrake ningempiga. Si kwa sababu ya Fran, kwa sababu ya asubuhi ya Krismasi: binti yuko hoi, simu inapigwa, yeye yuko na watoto wanafungua zawadi na anaongea kana kwamba kuna karatasi imepotea ofisini. Tatu, yule shemeji dereva teksi aliyekuja kumchapa Baxter ngumi, alichapa mtu asiye husika na mwenye kosa hakuguswa hata na kibao. Hapo nimewaelewa.

Ila swali langu kwa mwanzisha uzi. Tarehe 2 Januari hawa wawili wanakula nini? Wote hawana kazi, na kodi ya 85 iko mezani.

Chumba na Sebule

Fran hajafukuzwa bwana, lifti yake ipo. Baxter ndiye hana kitu, na chumba chenyewe alikuwa anakihama. Mimi nadhani wanakwenda kwa dada yake Fran, na atakayefungua mlango ni yule yule shemeji wa ngumi.

Kijana wa Bondeni

Hiyo sehemu ya pili ningelipa kiingilio.